Mheshimiwa, Tuulizie: Maswali na Majibu Kuhusu Swali la Mbunge kwa Waziri

Bunge likikaribia kukutana Dodoma, simu za wabunge hujaa ujumbe wa aina moja: tuulizie barabara, tuulizie maji, tuulizie zahanati. Mbunge huuliza, Naibu Waziri husimama na kujibu, jimboni watu hutumiana kipande cha video, kisha kimya. Wasomaji wengi wanataka kujua swali hilo hupita wapi na kwa nini majibu hufanana kama yametoka kwenye mhuri mmoja. Majibu yangu yanahusu zaidi Bunge la Tanzania, na Kenya nimeigusa mahali pake.

Je, mbunge anaweza kumuuliza Waziri jambo lolote?

Karibu lolote, ilimradi ni jambo la umma na liko katika wajibu wa Waziri huyo. Haki hiyo imo kwenye Katiba yenyewe, Ibara ya 63(3)(a), kwa hiyo mbunge anayeuliza haombi hisani. Mipaka ipo, hata hivyo. Jambo lililoko mahakamani halijadiliwi. Swali halitakiwi kuwa hotuba, wala kubeba matusi, kejeli au tuhuma zisizo na ushahidi. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wakumbuke pia kwamba zahanati zao na shule zao si mambo ya Muungano. Hayo huulizwa katika Baraza la Wawakilishi, na swali likipelekwa Dodoma halina wa kulijibu.

Wabunge wa viti maalum nao wana haki ile ile. Nashangaa wananchi wengi huwasahau, wakati mara nyingi ndio wenye nafasi ya kusikiliza kero ambayo mbunge wa jimbo ameichoka.

Swali likishaandikwa linakwenda wapi?

Linapelekwa kwa Katibu wa Bunge, ambaye ofisi yake hulikagua kama linafuata Kanuni za Kudumu, hulisafisha lugha na kulipa namba. Kutoka hapo linakwenda Serikalini, kwenye wizara husika, na Katibu Mkuu wa wizara hulishusha kwa wataalamu. Kama ni zahanati ya kijijini, wizara yenyewe haijui boma lenu limefikia wapi. TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, itauliza mkoani, Katibu Tawala wa Mkoa atamwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri, na Mkurugenzi atamwita Mganga Mkuu wa Wilaya. Taarifa inapanda kwa njia ile ile iliyoshukia, na kila ngazi hulainisha maneno kidogo.

Unaona tatizo. Mwananchi analalamikia halmashauri, mbunge anamuuliza Waziri, na anayeandika jibu, ukichimba hadi chini, ni halmashauri ile ile. Ndiyo maana swali lisilo na takwimu wala tarehe ndani yake ni rahisi kulikwepa. Aliye chini anajua kwamba aliye juu hana cha kulinganishia.

Kuna tofauti gani kati ya swali linalojibiwa ukumbini na lile la majibu ya maandishi?

Yote mawili huanza kwa maandishi. La ukumbini hujibiwa asubuhi, katika kipindi cha maswali, baada ya dua na hati za kuwasilisha mezani. Utamu wake uko kwenye maswali ya nyongeza. Muulizaji hupewa nafasi ya mawili, kisha wabunge wengine waliosimama wanaweza kupewa nafasi wakaongezea yao. Jibu la msingi limeandikwa na wataalamu na kupitiwa na watu wengi. La nyongeza Waziri hulitoa mwenyewe, na hapo utajua kama analifahamu jambo au anasoma tu.

La majibu ya maandishi halina kamera. Ila ukitaka orodha ndefu, kwa mfano vijiji vyote vya wilaya ambavyo havijafikiwa na umeme na mradi ambao kila kimoja kimepangiwa, hilo ndilo la kutumia. Hakuna Waziri atakayesoma jedwali la vijiji mbele ya ukumbi. Wabunge wetu hulitumia mara chache kwa sababu halileti makofi, na kwa maoni yangu wanakosea.

Kuna pia maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, kila Alhamisi. Hayo ni ya sera. Kisima cha kijiji usikipeleke huko.

Mbunge wetu ameuliza habari za barabara yetu mara kadhaa. Jibu ni lile lile: Serikali itaendelea kutafuta fedha. Tatizo ni mbunge au Serikali?

Nitaanza na swali lenyewe, maana nina hakika liliandikwa hivi: "Je, ni lini Serikali itajenga barabara fulani kwa kiwango cha lami?" Ukisoma Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, utakutana na maswali ya sura hiyo hadi uchoke. Neno "ni lini" linaonekana kali, lakini linampa Waziri mlango mpana wa kutokea. Anajibu "kadri fedha zitakavyopatikana", na amejibu. Hajadanganya, hajaahidi, na hakuna wa kumrudia.

Kabla ya kuuliza tena, jueni mambo mawili. Kwanza, barabara ni ya nani? Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS na Wizara ya Ujenzi. Za wilaya, za vijijini na mitaa ya mijini ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017 na iliyo chini ya TAMISEMI. Swali likienda wizara isiyohusika, mmepoteza Mkutano mzima.

Pili, barabara ya lami haiji kwa mkupuo. Kuna upembuzi yakinifu, usanifu wa kina, kutafuta fedha, kutangaza zabuni, kusaini mkataba, kulipa malipo ya awali, ndipo mkandarasi aingie kazini. Kila hatua ina karatasi yake na tarehe yake. Kwa hiyo uliza hatua. Usanifu wa kina ulikamilika lini? Kama ulikamilika, bajeti ya mwaka huu wa fedha imetenga kiasi gani, na ni kwa kilomita ngapi? Kama mkandarasi ameondoka, anadai shilingi ngapi? Jibu lolote atakalotoa hapo, hata likiwa baya, ni taarifa. Mwakani mbunge atasimama nalo na kusema: Mheshimiwa Spika, mwaka jana Serikali ilisema hivi.

Kwa hiyo lawama ni za wote wawili, lakini kosa la mbunge linarekebishika leo.

Tumejenga boma la zahanati kwa nguvu zetu, limesimama hadi lenta, sasa nyasi zinaota ndani. Tumwandikie nini mbunge?

Mama yangu uliyetuma swali hili, poleni kwa kazi. Maboma ya namna hiyo yapo nchi nzima. Miaka ya karibuni, kiwango ambacho TAMISEMI imezoea kukitaja Bungeni kwa kukamilisha boma moja la zahanati ni shilingi milioni 50. Kwa hiyo jambo lenu lina utaratibu na lina bei inayojulikana. Kilichobaki ni kujua mko wapi kwenye foleni.

Msiandike "zahanati yetu itakamilika lini". Mpeni maneno ya sura hii: wananchi wa kijiji chetu walijenga boma la zahanati hadi lenta mwaka fulani, (a) je, boma hilo limo kwenye orodha ya maboma yatakayokamilishwa kwa bajeti ya mwaka huu wa fedha? (b) kama halimo, ni vigezo gani vilivyotumika kuyachagua yaliyomo?

Kifungu (b) ndicho chenye meno. Kinamlazimisha mtu wa halmashauri aeleze kwa nini boma lililoanzwa baada ya lenu limeshapauliwa. Ambatanisheni picha, muhtasari wa mkutano wa kijiji ulioidhinisha ujenzi, hesabu ya michango, na umbali hadi kituo cha afya mnachokitegemea sasa. Msimamizi wa ofisi ya mbunge akipokea bahasha kama hiyo hana la kusingizia.

Tembo wamekula mahindi yetu. Mbunge aliomba fidia, Waziri akasema hakuna fidia. Inawezekanaje?

Waziri alisema kweli, kwa bahati mbaya. Kisheria mnachostahili kinaitwa kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Kanuni zake ni za mwaka 2011, na kiwango chake hakilingani na thamani ya mazao. Kinategemea ukubwa wa eneo lililoharibiwa na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Mbunge akiuliza "fidia", anajibiwa kwa mstari mmoja na kukaa.

Aulize hivi: madai mangapi ya kifuta jasho kutoka wilaya yetu yamepokelewa na wizara, mangapi yamelipwa, na yaliyobaki yamekwama ngazi gani? Nanyi hakikisheni kila tukio limeandikwa ofisi ya kijiji na afisa wanyamapori amelithibitisha. Shamba ambalo halikuthibitishwa halimo kwenye hesabu ya Waziri.

Jibu likiwa si la kweli, tufanye nini?

Mpelekeeni mbunge ushahidi upesi. Anaweza kumwandikia Spika, na Spika ana uwezo wa kuagiza swali likajibiwe upya, na imewahi kutokea. Njia kali zaidi iko kwenye bajeti, Aprili hadi Juni, ambapo mbunge anaweza kushika shilingi ya mshahara wa Waziri hadi apate maelezo ya kuridhisha. Wengi huirudisha shilingi hiyo haraka mno. Bunge lililotokana na uchaguzi wa 2020 lilikuwa na wapinzani wachache sana, na ni vigumu mbunge kumbana Waziri wa chama chake hadi mwisho.

Niko Kenya. Kwetu mambo yakoje?

Tofauti kubwa ni kwamba kwenu Mawaziri si wabunge. Katiba ya 2010 iliwatoa Bungeni. Kwa miaka kadhaa walijibu maswali mbele ya kamati tu, hadi mwaka 2023 Bunge la Taifa lilipobadili kanuni zake ili Mawaziri waje kujibu ukumbini. Pia mnayo Ibara ya 119, inayompa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni moja kwa moja.

Na kama mbunge hapokei simu?

Anzeni na diwani, maana mambo mengi ya kijiji huamuliwa kwenye baraza la madiwani kabla hayajafika Dodoma. Kisha itumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaruhusiwa kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Kenya, sheria yao ya mwaka huo huo imeweka siku 21. Barua ya namna hiyo, yenye mhuri wa kupokelewa, baadaye humsaidia hata mbunge mvivu, kwa sababu swali litakuwa limeshajiandika nusu.

Ila msingoje Juni. Halmashauri huandaa bajeti zao mwanzoni mwa mwaka, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayetaka boma lake liingie kwenye orodha ijayo ampelekee mbunge bahasha kabla ya Krismasi, na abaki na nakala.