Ziwa ni lile lile, taratibu siyo

Mwanafunzi anayetoka Kisumu au Entebbe kwenda kusoma Mwanza haoni kama anahama kweli. Maji ni ya Ziwa Victoria, dagaa wanaanikwa juani kama omena na mukene wa kwao, na lugha anaielewa. Ukaribu huo ndio unaomponza. Anayekwenda kusoma India hujiandaa miezi kadhaa. Wa Mwanza hufunga begi jioni, akapanda basi, akaja kukwama mpakani Sirari kwa kukosa pasipoti.

Mpakani na makaratasi

Tangu 2014, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo. Kuingia kunahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mfukoni. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia bila ada na kukaa hadi miezi sita, lakini hiyo ni ruhusa ya mgeni anayetembea. Aliyekuja kusoma anatakiwa kuomba kibali cha mwanafunzi Idara ya Uhamiaji, akiwa na barua yake ya udahili. Wiki ya kwanza chuoni ndiyo ya kuulizia jambo hilo, kabla masomo hayajapamba moto.

Vyeti navyo vina safari yake. Tanzania huingiza watu chuo kikuu kupitia kidato cha sita au stashahada, ilhali Mkenya aliyesoma mfumo wa 8-4-4 alimaliza sekondari kidato cha nne. Kwa hiyo cheti cha sekondari cha nje hupelekwa Baraza la Mitihani, NECTA, kupata ulinganifu, na cha stashahada hupelekwa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Kazi hiyo ifanyike mapema, kabla ya kutuma maombi ya chuo.

Malimbe au Bugando

Vyuo viwili ndivyo vinavyotajwa zaidi na majirani. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, kipo Malimbe, kusini mwa jiji, karibu kabisa na ziwa. Kilitokana na kituo cha mafunzo cha Nyegezi cha mwaka 1960, kikawa chuo kikuu 1998, na kimejijengea jina katika uandishi wa habari. Cha pili ni CUHAS, chuo cha sayansi za afya kilichoanza 2003 juu ya kilima cha Bugando, pembeni ya hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa.

Anayekosa hosteli hutafuta chumba mtaani, na hapo Mkenya aliyezoea kulipa kodi kila mwezi hupigwa na butwaa. Wenye nyumba wengi hutaka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali naye hudai chake, mara nyingi kodi ya mwezi mmoja. Fedha hiyo iwe imetengwa tangu nyumbani. Mwanza ni jiji la mawe, na vyumba vya bei nafuu mara nyingi viko juu mlimani, ambako mtu hupanda kwa miguu. Kabla ya kulipa, aulize majirani maji ya bomba yanapanda siku zipi. Akishahamia, aende kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa, maana barua ya serikali ya mtaa huombwa katika mambo mengi.

Mezani na mitaani

Chakula hakisumbui. Mama lishe huuza ugali kwa sato au dagaa, na anayejipikia hununua samaki kwa bei nzuri soko la Mwaloni, Kirumba. Msimu wa viazi ukipita kuna michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, akiba ya Wasukuma ya miaka mingi. Kinachohitaji mazoezi ni adabu ya kuagiza. Mteja hasemi "nipe chai" akanyamaza. Kwanza husalimia, aliyemzidi umri humpa shikamoo, kisha huomba. Haraka ya Nairobi hapa huonekana ukali.

Kuogelea

Kutoka madarasa ya Malimbe hadi majini ni mwendo mfupi, na joto la mchana linashawishi. Lakini kingo za ziwa zenye majani na konokono ni makazi ya kichocho. Mdudu wake hupenya ngozi ndani ya dakika chache, na dalili huweza kuchelewa kwa wiki au miezi. Aliyekwisha kuingia majini apime hospitalini. Dawa ipo na inatibu.

Pesa

Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole, na mgeni hutumia pasipoti. Mzazi aliye Kenya anaweza kutuma kwa M-Pesa moja kwa moja hadi M-Pesa ya Vodacom Tanzania. Kujitafutia kwa biashara ndogo ni jambo jingine: amri ya serikali ya Julai 2025 inawazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo uwakala wa pesa za simu, ufundi simu, saluni na rejareja. Anayepanga kujilipia ada kwa kusuka nywele abadilishe mpango kabla ya kusafiri.

Likizo

Mabasi ya Musoma na Sirari huondokea stendi ya Nyamhongolo, Ilemela. Anayekwenda Geita na kuendelea magharibi huanzia Nyegezi. Safari ya upande huo wa magharibi imefupika. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, lizinduliwe Juni 2025, msafiri wa Kigali au Bukoba hasubiri tena kivuko, bali anavuka ghuba ya ziwa akiwa ndani ya basi.