KUHAMISHA MAJARIBIO YA PROGRAMU

Mwandishi wa programu za kompyuta hangoji programu yake iharibike mikononi mwa watu. Huandika majaribio madogo madogo, kila moja likiuliza neno moja tu: je, wastani wa 40 na 60 ni 50? Jaribio likianguka, ajua mara moja pa kutazama.

Katika lugha ya Java, chombo kinachotumika sana kwa kazi hii ni JUnit, kilichoanzishwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997. Toleo la 4 lilitoka mwaka 2006. Toleo la 5 lilitoka mwaka 2017, nalo lilijengwa upya; kwa hiyo majaribio ya zamani hayana budi kuhamishwa.

Mabadiliko yenyewe si magumu. Alama ya @Before huwa @BeforeEach, na @Ignore huwa @Disabled. Katika assertEquals, ujumbe wa kosa uliokuwa ukiandikwa mwanzo sasa huandikwa mwisho. Asiyeuhamisha, huenda kompyuta ikalinganisha ujumbe na jawabu!

Lakini hatari kubwa ni ile isiyo na sauti. Maadamu maktaba ya zamani ingali pale, jaribio lililosahauliwa halipigi kelele. Toleo la 5 peke yake halilitambui, hulipita tu. Rangi ya kijani yaonekana, nawe wadhani mambo ni salama, kumbe jaribio halikufanywa kabisa.

Basi yafaa kufuata mambo matatu:

1. Hesabu majaribio kabla ya kuanza. Kama yalikuwa 120, baada ya kuhama yawe 120 vile vile.

2. Usihamishe yote kwa siku moja. Iko sehemu iitwayo Vintage, ambayo huendesha majaribio ya zamani pamoja na mapya. Hamisha faili moja, endesha yote, kisha shika nyingine.

3. Haribu programu kwa makusudi. Mahali pa kujumlisha, weka kutoa. Jaribio likipita hata hivyo, limelala. Liamshe, kisha rudisha programu ilivyokuwa.

Mchungaji mwema huhesabu ng'ombe wake mlangoni pa zizi kila jioni. Haridhiki kwa sababu tu hakusikia kelele porini. Nasi tusiridhike na rangi ya kijani mpaka tumehesabu.

Mwanafunzi, Kidato cha IV