Kabla hujaiamini fowili yako

Gari nyingi zinazoshuka bandarini kutoka Japani zikiwa zimeandikwa 4WD mgongoni, barabarani huvutwa na tairi za mbele tu. X-Trail, CR-V, RAV4 za kuanzia 2006, zote tabia yao ni hiyo. Kati ya propela na difu ya nyuma kuna klachi ndogo yenye pleti zilizopangana, nayo hushika pale za mbele zinapoanza kuteleza. Kwa safari za lami huo ni utaratibu mzuri. Huku kwetu milimani Lushoto, masika yakikolea, lazima ujue kama hiyo klachi ipo hai.

Jirani akinunua gari, tunalipeleka kwenye kilima chenye nyasi zilizolowa. Mmoja anaendesha, mwingine anasimama pembeni, macho kwenye tairi. Dereva akanyage mafuta kwa ghafla. Klachi ikiwa nzima, tairi ya mbele itazunguka kidogo na kurusha udongo, kisha ya nyuma itauma na gari litapanda. Za mbele zikichimba mashimo huku za nyuma zimetulia, chungulia chini. Wapo wanaong'oa propela ili kupunguza ulaji wa mafuta, halafu wanauza gari kimya kimya.

Baada ya hapo tafuta lami kavu, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole. CR-V za kizazi cha kwanza hadi cha tatu zina pampu mbili za mafuta, moja huzungushwa na propela, nyingine na tairi za nyuma. Mwendo ukilingana, hakuna kinachotokea. Za mbele zikiwahi, presha hupanda na kubana pleti. Mafuta hayo yakichoka, gari linakoroma na kutetema kwenye kona kali, na fundi mwenye haraka atakuambia difu imekufa. Mwambie kwanza amwage mafuta ya difu ya nyuma, aweke yale maalumu ya Honda, si oili yoyote iliyopo gereji. Mara nyingi mkoromo huisha hapo hapo.

Subaru nyingi hupeleka nguvu nyuma muda wote, kwa hiyo ndizo zinazoumizwa zaidi na tairi zisizolingana. Tairi mpya ni kubwa kidogo kuliko iliyolika kashata, hivyo huzunguka pole, na pleti husuguana safari nzima hadi kuungua. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia kila tairi. Subaru hutaka tofauti isizidi robo inchi, kama milimita 6. Ndiyo, nunua zote nne kwa pamoja, hata kama inauma mfukoni.

Kitufe cha LOCK, kile cha kufunga klachi, kibonyezwe kabla ya kuingia topeni. Kwenye RAV4 hujitoa ukivuka kilomita 40 kwa saa. Hata kikiwashwa, tairi moja ya mbele na moja ya nyuma zikining'inia, nguvu hukimbilia hizo zisizo na mzigo, isipokuwa gari lina mfumo wa kuzibana breki. Na wakati wa kushuka, fowili haikuongezei breki hata kidogo.

Gari likikufia njiani, usikubali kuinuliwa mbele huku za nyuma zikiburuzwa. Propela itazunguka na kuharibu ulichokuwa unakilinda. Agiza lori la kulibeba zima.