Kupika Samaki kwa Mvuke

Kibuyuni, katika pwani ya Kwale, wavuvi huleta samaki karibu na jiko. Mpishi asiye na mafuta aweza kuwapika kwa mvuke. Changu aondolewe magamba na matumbo, aoshwe, atiwe chumvi na ndimu. Vijiti safi vipangwe ndani ya sufuria. Maji kidogo yatiwe, yasivifunike. Yakichemka, samaki alazwe juu, sufuria ifunikwe vema. Baada ya dakika 10 hadi 15, nyama ikiachana na mfupa, ameiva. Lakini jodari au vibua waliokaa juani wasipikwe kabisa, kwa maana sumu iliyokwisha kufanyika mwilini mwao haiondolewi na moto. Basi haraka ianzie ufuoni, wala si jikoni.