Homa ya Nzaui na Barua Zilizosomwa Marekani

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara kuu, akiisha kupita Mtito Andei, hufika Kambu, na baada ya Kambu hufika Kibwezi na Makindu. Akizidi kwenda mbele, upande wa kaskazini-magharibi kuna kilima cha Nzaui, kinachojulikana na kila Mkamba wa nchi hiyo. Lakini si wengi wajuao kwamba mwaka 1896 barua zilizoandikwa chini ya kilima hicho zilikuwa zikisomwa katika mji wa Philadelphia, nchi ya Marekani, na kwamba katika habari hizo homa ilikuwa adui mkubwa.

Barua za namna hiyo zina faida hata leo. Mtu aliyeandika kwa uaminifu yale aliyoyaona huweza kuwafundisha watu wasiozaliwa bado, ijapokuwa yeye mwenyewe hakujua maana ya alichokiona. Hilo ndilo fundisho la somo hili, na yeyote mwenye mtoto nyumbani anaweza kulitumia.

Msiba wa Philadelphia

Kabla ya kueleza habari za Nzaui, yafaa kuutazama kwanza mji huo wa Philadelphia, kwa maana wenyeji wake walikwisha kuonja uchungu wa homa miaka 100 kabla ya hapo. Mwaka 1793 homa ya manjano iliingia mjini. Wakati ule watu wa mji walikuwa karibu 50,000, na katika miezi michache wapata 5,000 wakafa.

Daktari aliyesifika kupita wote mjini alikuwa Benjamin Rush. Wakati wa msiba alikuwa akimwandikia mke wake, aliyekuwa mbali na mji, na katika barua hizo alieleza habari za wagonjwa wake, za rafiki zake waliokufa, na jinsi yeye mwenyewe alivyougua. Alidhani kwamba homa imeletwa na harufu ya kahawa iliyooza bandarini. Tiba yake ilikuwa kuwapa wagonjwa dawa kali za kuharisha na kuwatoa damu nyingi. Alifanya hivyo kwa moyo safi, lakini elimu ya leo yaonyesha kwamba kumtoa damu mgonjwa wa namna hiyo ni kumzidishia udhaifu.

Rush aliamini tena kwamba watu weusi hawawezi kushikwa na homa hiyo, akawaomba wasaidie kuuguza wagonjwa na kuzika maiti. Wakuu wao wawili, Absalom Jones na Richard Allen, ambao wote wawili walizaliwa utumwani, waliitika mwito wakawaongoza wenzao katika kazi hiyo ngumu. Msiba ulipokwisha, mchapaji mmoja wa mjini, Mathew Carey, alitoa kitabu kilichowashutumu baadhi ya wauguzi weusi kwamba walidai malipo makubwa na kuwaibia wagonjwa.

Jones na Allen hawakujibu kwa matusi. Mwaka 1794 walichapisha kijitabu chao wenyewe, wakaonyesha hesabu ya fedha walizopokea na walizotumia, na kwamba kazi ile iliwatia hasara. Wakaonyesha pia hesabu ya makaburi: mwaka 1792 watu weusi waliozikwa mjini walikuwa 67, na mwaka 1793 walikuwa 305. Hesabu hiyo peke yake ilitosha kuyavunja maneno ya wale waliosema kwamba homa haiwapati watu weusi. Dhana ya daktari mkubwa ilishindwa na daftari la watu waliochimba makaburi.

Safari ya Peter Cameron Scott

Peter Cameron Scott alizaliwa Glasgow, Uskochi, mwaka 1867, na alipokuwa kijana mdogo wazazi wake wakahamia Philadelphia. Kwanza alikwenda Kongo kufanya kazi ya misheni. Ndugu yake John alimfuata huko, lakini haukupita muda mrefu John akafa, na Peter akamzika kwa mikono yake. Kisha yeye mwenyewe akaugua sana hata ikambidi kuondoka.

Pamoja na hayo hakukata tamaa. Mwaka 1895 ilianzishwa misheni mpya iliyoitwa Africa Inland Mission, na mwezi wa Agosti Scott akasafiri na wenzake, miongoni mwao dada yake Margaret. Walifika Mombasa mwezi wa Oktoba, wakaingia bara kwa miguu pamoja na wapagazi, kwa kuwa reli ilikuwa haijajengwa bado. Tarehe 12 Desemba 1895 wakafika Nzaui.

Habari zao zilichapwa Philadelphia katika gazeti dogo la misheni lililoitwa Hearing and Doing. Nyumba zilijengwa, lugha ya Kikamba ikaanza kujifunzwa, na vituo vingine vikafunguliwa. Lakini kabla mwaka wa kwanza haujatimia vizuri, Scott alishikwa na homa kali ya mkojo mweusi. Tarehe 4 Desemba 1896 alifariki dunia, naye alikuwa na umri wa miaka 29 tu.

Baada yake mambo yalizidi kuwa magumu. Wenzake wengine walikufa, na wengine wakarudi kwao kwa ugonjwa. Kisha ikaja njaa kubwa ya miaka ya 1898 na 1899, ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, nayo ikafuatana na ndui. Willis Hotchkiss, mmoja wa wale waliokuja na Scott, alisimulia baadaye kwamba katika muda wa miaka 4 homa ilimwangusha mara 30.

Nao Waskoti waliokuja Kibwezi mwaka 1891, mahali pasipo mbali na Kambu, walipatwa na msiba uo huo. Makaburi yalizidi kuongezeka hata mwaka 1898 wakahamia Kikuyu, penye baridi. Wamarekani nao wakafanya vivyo hivyo: mwaka 1903 makao makuu yao yakahamishiwa Kijabe, juu ya milima.

Waliona sawa, wakafikiri vingine

Kwa nini walihama? Watu wa zamani hizo walisadiki kwamba homa hutoka katika hewa mbaya ya mabondeni na mabwawani. Hata jina la malaria lenyewe ni neno la Kiitaliani lenye maana ya hewa mbaya. Basi walipoona kwamba waliokaa chini wanakufa na waliokaa juu wanapona, wakasema hewa ya juu ni safi. Walichoona kilikuwa kweli, lakini sababu waliyoitoa haikuwa kweli. Juu milimani kuna baridi, na penye baridi mbu wa malaria ni wachache, na vijidudu vya malaria havikui vizuri ndani yao.

Ajabu ni kwamba kulikuwako watu Afrika waliokwisha kuitambua sababu hiyo. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita nchi ya Wasomali, alitoa kitabu mwaka 1856, na ndani yake aliandika kwamba wenyeji husema kuumwa na mbu huleta homa ya kufisha. Burton aliyahesabu maneno hayo kuwa ushirikina. Tena Robert Koch, daktari mashuhuri wa Kijerumani, alipokuwa katika nchi ambayo sasa ni Tanzania mwaka 1898, aliambiwa na watu wa milima ya Usambara kwamba wakishuka bondeni huumwa na mbu, kisha hushikwa na homa, na kwamba homa hiyo nayo waliiita mbu. Watu wa pwani nao tangu zamani walikuwa na neno mkunguru, yaani homa impatayo mgeni afikapo katika nchi asiyoizoea.

Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, alipokuwa Algeria aliviona vijidudu vya malaria katika damu ya askari mgonjwa. Tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross, daktari wa jeshi huko Bara Hindi, aliviona ndani ya tumbo la mbu. Kutoka kifo cha Scott hata siku hiyo ilikuwa haijatimia miezi 9. Kama Burton na wenziwe wangaliyapima maneno ya wenyeji badala ya kuyacheka, labda elimu hiyo ingalipatikana mapema zaidi. Hata hivyo yafaa kumshukuru Burton kwa jambo moja: ijapokuwa hakuyasadiki maneno yale, aliyaandika.

Dawa isiyotimizwa

Wazungu wa zamani hizo walikuwa na kwinini, dawa itokanayo na gome la mti wa Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga katika gome hilo. Mbona basi watu waliendelea kufa? Baadaye madaktari waligundua kwamba homa ya mkojo mweusi iliwapata hasa watu waliokwisha kuugua malaria mara nyingi na waliokuwa wakimeza kwinini kwa vipindi, leo wameza, kesho waacha. Chembe nyekundu za damu zilipasuka kwa wingi, mkojo ukawa mweusi, macho yakawa manjano, na mara nyingi mgonjwa akafa.

Siku hizi kuna dawa nyingine. Ile itolewayo zaidi nchini Kenya kwa malaria ya kawaida imechanganywa kwa dawa mbili, artemetha na lumefantrini, nayo humezwa mara mbili kwa siku kwa siku 3, yaani mara 6 zote. Wako wagonjwa ambao siku ya pili, wakiisha kuona nafuu, huacha kumeza na kuweka vidonge vilivyosalia kwa ajili ya mtu mwingine. Hilo ni kosa kubwa. Vijidudu vilivyobaki katika damu huzaana tena, na yule mtu mwingine atakayepewa vidonge vichache hatapona.

Daftari la nyumbani

Katika nchi kavu kama ya Kambu malaria haiko kila siku kama ilivyo kando ya Ziwa Viktoria. Huzidi baada ya mvua, au huja na msafiri aliyetoka mahali penye ugonjwa. Kwa sababu hiyo wengi hawana kinga ya kutosha, hata watu wazima, na homa ikiwashika huweza kuwa kali upesi. Tena si kila homa ni malaria. Kumeza dawa kwa kukisia ni kurudia njia ya Dokta Rush. Yafaa damu ipimwe kwanza.

Basi kila nyumba na iwe na daftari dogo, likiwekwa pamoja na kijitabu cha kliniki cha mtoto. Mtu akishikwa na homa yaandikwe haya: siku na saa homa ilipoanza, mahali mgonjwa alipolala katika majuma yaliyopita, hasa kama alisafiri, dalili zilizoonekana, jibu la kipimo cha damu, jina la dawa, na kila saa iliyomezwa. Mambo hayo hujaza mistari michache tu, na hata mtoto wa shule aweza kuyaandika kwa niaba ya nyanya yake. Daktari akiulizwa na daftari hilo huokoa muda, na muda ndio uhai wa mgonjwa.

Mgonjwa akiwa na degedege, au akishindwa kunywa, au akipotewa na fahamu, au mkojo wake ukiwa mweusi, asingojwe hata asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja. Na nyumbani chandarua kilichotiwa dawa kitumiwe kila usiku, kwa maana mbu aenezaye malaria huuma zaidi usiku.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mbuzi na magunia ya mahindi huandikwa yasipotee, je, afya ya watoto si mali kubwa zaidi?