Hesabu ya Makaa na Hewa

Mtu afungaye mlango na madirisha usiku wa baridi, akalala na jiko la makaa chumbani, hutumaini kupata joto. Lakini yawezekana asiamke tena. Sababu yake yaonekana katika hesabu ndogo ya elimu ya kemia.

Makaa, karibu yote, ni kaboni, ambayo alama yake ni C. Atomu za oksijeni hewani huenda mbili mbili, yaani O₂. Oksijeni ikiwa tele, mlinganyo huandikwa hivi:

C + O₂ → CO₂

Kushoto kuna kaboni 1 na oksijeni 2. Kulia vivyo hivyo. Ratli 12 za kaboni na ratli 32 za oksijeni hutoa ratli 44 za hewa mpya, wala hakuna kilichopotea.

Chumba kikifungwa, oksijeni hupungua, ndipo itokeapo hewa nyingine, CO. Mwanafunzi akiandika C + O₂ → CO, amepoteza oksijeni moja. Wala asijaribu kuongeza tarakimu ndogo ya chini, maana CO na CO₂ ni vitu viwili mbali mbali kabisa. Tarakimu huwekwa mbele tu:

2C + O₂ → 2CO

Hewa hii haina rangi wala harufu, na damu huishika kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Basi jiko na litolewe nje kabla ya kulala.

Hata hivyo, hewa hiyo hiyo ndiyo iliyowafaa wafua chuma wa kale. Katika tanuru la udongo, kwa mivukuto na makaa, CO huyanyang'anya mawe mekundu oksijeni yake:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Hapa iko hesabu ya pili, ya elektroni. Kitoacho elektroni husemwa kimeoksidishwa, kipokeacho, kimepunguzwa. Jina hili la pili huwatatiza wengi, kwa kuwa kilichopunguzwa ndicho kilichopokea! Kinachopungua ni namba yake: kila atomu ya chuma hushuka toka 3 hata 0, na zote mbili hupokea elektroni 6. Kila kaboni hupanda toka 2 hata 4, ikitoa elektroni 2. Mtu akiweka 2CO badala ya 3CO, elektroni zitakazotolewa ni 4 tu, na chuma chahitaji 6.