Somo la 9: Vichaka vya Mlima Kilimanjaro

Mlima Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895. Juu ya msitu wake mkubwa kuna vichaka. Mmea mkuu wa huko ni erika. Majani yake ni madogo na membamba kama sindano.

Usiku huko ni baridi sana. Hata hivyo viumbe wengi huishi humo. Ndege aitwaye chozi hunyonya utamu wa maua. Pofu hupanda kutafuta malisho.

Ukungu hugusa majani ya erika, ukawa matone. Matone huingia ardhini. Maji hayo husaidia chemchemi na mito. Mito hujaza mifereji ya mashamba yaliyo chini.

Adui mkubwa ni moto. Erika huwaka upesi, hata ikiwa mbichi. Oktoba 2020 moto uliunguza eneo kubwa la vichaka hivyo. Erika huchukua miaka mingi kurefuka tena.

Mrina asali akiacha moto juu, mkulima wa chini hupungukiwa maji. Ndugu msomaji, zima moto kabisa kabla ya kuondoka.

Maswali
1. Ukungu huwaje maji?
2. Moto wa mlimani unamhusuje mkulima wa chini?